Huyu Mbwa Ana Watu Wake

Mvua ilikuwa imekatika alfajiri lakini mabati bado yanadondoka. Nilifungua mlango wa mbele nimwage maji ya deki, nikamkuta mbwa amelala kizingitini, miguu ya mbele kainyoosha, kidevu kakilaza juu yake. Hakubweka wala hakukimbia. Alinyanyua macho, akanitazama, akayarudisha chini.

Nyuma yangu mama akasema, "Usimguse, mwanangu. Amelowa."

Sikumgusa, lakini nilichuchumaa nimwangalie vizuri. Dume, rangi ya mchanga, mguu mmoja wa nyuma mweupe mpaka kwenye goti. Shingoni alikuwa na kamba ya nailoni ya kijani, ile ya wavuvi, imetafunwa mwishoni mpaka nyuzi zimechanuka. Ile sehemu inayozunguka shingo ndiyo iliyonishika. Kamba ilikuwa imepitishwa ndani ya kipande cha mpira wa kumwagilia maji, mpira mweusi wenye mstari wa manjano, umekatwa sawasawa kwa kisu kikali na kupimwa urefu wake. Manyoya chini ya mpira hayakuwa yamenyonyoka na hapakuwa na kidonda.

Mtu alikaa chini akafanya kazi ile ili kamba isimchubue mbwa wake.

Tangu dakika ile sikuweza kumwita mbwa koko.

"Anauma?"

Jua lilipotoka, kila aliyepita barazani aliuliza jambo. Anauma? Ana kichaa? Katoka wapi huyu, na nyie mnamlisha? Kijana mmoja alikuja na jiwe mkononi, tayari. Jirani, mtu mwema kabisa, alisema kuna dawa ya panya dukani, na mambo yatakwisha kabla ya adhuhuri. Aliyasema hayo kwa sauti ya kutusaidia.

Hakuna aliyeuliza wa nani.

Jambo hili limenikaa rohoni wiki zote hizi, na ndilo lililonikalisha niandike. Mbuzi akipotea Shela yetu hii ya Malindi, mpaka magharibi habari imeshafika mitaa ya Barani na Maweni. Punda akionekana peke yake, mtu atamshika kamba na kuuliza mwenye punda. Mbwa akionekana, tunapima umbali kati ya meno yake na miguu yetu, basi. Waliomkubali kidogo walisema ni mbwa wa Mtaliano, mmoja wa wale wenye nyumba hapa mjini, kwa sababu katika vichwa vya wengi wetu mbwa mwenye kitu shingoni lazima awe wa Mtaliano.

Siwalaumu waliouliza juu ya kichaa. Ni swali la haki. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara ni mauti. Aliyeumwa huosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hukimbilia sindano siku ile ile, asingoje kuona mbwa atakuwaje. Mambo haya nilitaka kila mtoto wa mtaani ayajue kabla hajapita karibu na mlango wetu.

Mdogo wangu alimvuta kwa fimbo ndefu iliyofungwa kitanzi, akamfunga uani chini ya mwarobaini. Mbwa alikwenda bila ubishi, kama aliyezoea kuvutwa.

Daktari wa mifugo

Daktari alikuja jioni. Alisimama mbali kwanza, akamtazama anavyomeza maji. Akaniuliza kama ameuma chochote, hata fimbo au hewa tupu, kama sauti yake imebadilika, kama taya limelegea, kama anayumba. Nilijibu hapana kwa kila swali. Akasema dalili hizo hazipo, lakini tumfunge, tumwangalie, na mtoto asimsogelee.

Kisha akatoa kifaa, akakipitisha juu ya mabega, shingoni, ubavuni, polepole, mara ya pili tena. Kimya. Alikuwa anatafuta chipu, kitu kidogo cha ukubwa wa punje ya mchele kinachodungwa chini ya ngozi. Hakina betri na hakionyeshi mnyama yuko wapi. Kikisomwa kinatoa namba ya tarakimu 15, na namba hiyo lazima iwe imeandikishwa mahali pamoja na jina la mwenyewe. Tatu za mwanzo huwa za nchi au za kiwanda. Mbwa aliyeandikishwa Italia anaweza kuanza na 380. Sheria yao ya mwaka 1991 ndiyo iliyotia mkazo uandikishaji wa mbwa, kwa hiyo mbwa wa Mtaliano angetarajiwa kuwa na kitu chini ya ngozi.

Nilimwuliza daktari kuhusu wale wanaoachwa wenyewe wakirudi Ulaya. Alitikisa kichwa kwa masikitiko. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo mbwa wake huingia Umoja wa Ulaya kirahisi. Mbwa anayetoka huku lazima apimwe damu kuhakikisha chanjo ya kichaa imeshika, na kama kipimo hakikufanywa kule kabla ya safari, damu ikishachukuliwa angoje miezi mitatu. Mwenye tiketi ya wiki ijayo humwachia askari wa geti mbwa na pesa za chakula. Pesa huisha.

Lakini huyu hakuwa mmoja wa hao. Daktari alimfungua ile kamba ya kijani, akamvisha ukanda laini wa kitambaa, na kamba nikaitundika kwenye msumari karibu na mlango wa nyuma. Alimchanja. Kwenye kadi, pale pa jina la mwenye mbwa, nilimwambia asiandike langu.

Akapaacha wazi.

Ngamia au mbuzi?

Mama hakuwa na amani. Alikuwa anamwekea maji kwa kopo lake maalumu, lakini kila jioni aliniuliza yule mbwa anaondoka lini. Nikaenda kwa maalim, yule aliyetusomesha sote.

Nilidhani tutazungumza juu ya mate ya mbwa na kuosha mara saba kilichoguswa nayo. Aliyagusa kwa sentensi mbili tu, kwa sababu mimi na yeye tunayajua, akasema mbwa mkavu akikugusa nguo kavu hapana neno. Halafu akaniuliza, "Unasoma Suratul Kahf Ijumaa?" Nikasema nasoma. "Basi unamjua yule aliyenyoosha miguu yake kizingitini." Aya ya 18, mbwa wa watu wa pangoni. Nimeisoma tangu utotoni, na asubuhi ile mlangoni haikunijia.

Kisha akanipa jambo lililonisumbua zaidi. Ile hadithi ya Zaid bin Khalid al-Juhani, iliyomo katika vitabu vya hadithi za Mtume vya Bukhari na Muslim: mtu alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu kitu cha kuokota. Akaambiwa akijue chombo chake na kifungo chake, kisha akitangaze mwaka mzima. Akauliza kuhusu mbuzi aliyepotea. Akaambiwa ni wako, au wa ndugu yako, au wa mbwa mwitu. Akauliza kuhusu ngamia, na hapo Mtume akakasirika: una nini nawe? Anayo maji yake na miguu yake, mwache mpaka mwenyewe amkute.

"Sasa wewe niambie," akasema maalim, "mbwa wako ni ngamia au mbuzi?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo na halikunipa usingizi. Mbwa ana pua na ana miguu. Anajua kwao kuliko ninavyojua mimi. Nikimfunga chini ya mwarobaini, je, namhifadhi au namzuia asifike? Pengine mwenyewe anapita kila siku mahali fulani akitarajia kumwona akirudi, nami nimemfunga. Kwa upande mwingine, ngamia jangwani hana wa kumtilia dawa ya panya kwenye nyama.

Mdogo wangu ndiye aliyesema tujaribu. Asubuhi moja kabla magari hayajawa mengi tulimfungua, yeye akimshika kwa kamba ndefu sana isiyomvuta, tukamfuata. Hakusita. Alikata vichochoro, akapita misikiti, akashika barabara ya kwenda Mambrui na Lamu, pua chini, mwendo wa anayekwenda kwake. Moyo ulinidunda. Halafu lori la mchanga likaja kwa kasi, dereva akapiga honi ndefu, mbwa akalala chini kifudifudi pale kando ya lami. Lilipopita alisimama, akatazama kaskazini kwa muda, akageuka.

Alirudi mpaka mlangoni kwetu mwenyewe.

Kwa hiyo alikuwa vyote viwili. Njia anaijua, lakini njia yenyewe haimpitishi. Nikaamua kumweka, na kutangaza.

Picha isiyo na shingo

Lile neno kifungo la kwenye hadithi nililichukua kama lilivyo. Nilimpiga picha mbwa kutoka ubavuni, kichwa kimegeukia ukutani, shingo haionekani. Sikutaja kamba wala mpira, wala ule mguu mweupe. Niliandika tu: ameonekana mbwa dume, Shela, mwenyewe aje aeleze alama zake. Nikaituma kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, ya wazazi wa shule, ya watu wa hoteli, na watu wakaisambaza zaidi.

Majibu yalikuja mengi. Askari mmoja wa zile nyumba za barabara ya Casuarina, ambazo nyingi hufungwa msimu wa mvua, alikuja mwenyewe na baiskeli yake. Watu hawa wanawajua mbwa wa upande ule mmoja mmoja, nani anaogopa radi, nani huruka ukuta. Alichuchumaa, akaomba tumpe chakula. Tukaweka mkate na vipande vya nyama upande mmoja, na sima na dagaa upande wa pili. Mbwa alinusa nyama, akaivuka, akaimaliza sima kwanza.

"Huyu si wa geti," askari akasema. "Huyu ni wa shamba."

Kisha akaja kijana aliyesema mbwa ni wake. Alivaa vizuri, ana adabu, alisalimia kwa heshima. Nikamwuliza shingoni alikuwa na nini. Akasema ukosi wa ngozi, mwekundu. Nikamwambia pole, siye huyu. Hakukasirika. Alisema hata kama siye, yeye anataka mbwa wa kulinda banda la kuku, na atamtunza, kuna ubaya gani?

Hili nalo nililipindua sana usiku. Majirani walisema mpe, umpunguzie mama mzigo. Kijana alionekana mkweli katika hilo la kuku. Mbwa angepata sima, angepata kazi. Walisema pia, na kila mtu alilisema kama jambo lililo wazi, kwamba angekuwa na mwenyewe angeshatafutwa. Picha imezunguka mji mzima.

Nilikuwa nikienda pale kwenye msumari, naugeuza ule mpira mkononi, nautazama ule mkato. Aliyeukata hawezi kuwa hamtafuti. Kama simsikii, basi anatafuta mahali ambapo mimi sipo.

Nilimnyima yule kijana.

Mama wa mboga

Kila asubuhi huja kwetu mama mmoja na sinia kichwani: mchicha, mchunga, majani ya kunde, wakati mwingine mabamia. Huvuka daraja la mto Sabaki, kaskazini ya mji, gizani. Kwa kawaida husimama barazani, mama hununua, wanazungumza, anaendelea. Siku ile aliomba maji ya kunywa akazunguka mlango wa nyuma.

Nilimsikia amenyamaza. Nilipotoka alikuwa ameushika ule mpira kwenye msumari, hajamwona hata mbwa mwenyewe kule nyuma ya pipa.

"Huu mpira ni wa jirani yangu," akasema. "Wa kumwagilia miche. Mbwa wake yuko wapi?"

Hana simu ya picha. Hayumo katika kundi lolote. Tangazo langu lilikuwa limefika mpaka kwa watu wanaoishi Nairobi, na halikuwa limefika kwa anayeshika mlango wetu kila siku.

Ningebisha kwa nani?

Mwenyewe alikuja kesho yake na mjukuu wake wa kiume. Mama wa Kigiriama, mtu mzima, leso moja kiunoni na nyingine mabegani. Hakuja mlangoni. Alisimama ng'ambo ya kichochoro na kuita hodi kutoka pale, mpaka mama yangu akatoka mwenyewe akamshika mkono kumwingiza.

Kwa haki ya yule mwenye mali, niliuliza hata yeye. Alama yake ipi? Akataja mguu. Akataja mpira. Kisha, bila kuulizwa, akasema fundo ni mbili, moja juu ya nyingine, kwa kuwa vidole vyake havina nguvu na fundo moja hulegea. Nilikwenda kuitazama kamba. Fundo lile nilikuwa nimelishika mara nyingi na sikuwa nimegundua kwamba ni mawili.

Mbwa alimsikia sauti kabla hatujamaliza. Sitayaeleza yaliyofuata, ila kwamba mjukuu alikaa chini mchangani na hakutaka kuinuka.

Jina lake ni Chui. Usiku ule wa radi alikuwa amefungwa kwa sababu ya mbuzi wa jirani, akatafuna kamba, akakimbia. Mahindi yao yako karibu na mto, na usiku viboko hupanda kutoka majini, na mchana nyani. Mbwa hulala chini ya dungu na kijana juu yake. Mbwa akinguruma, kijana anaamka na kupiga debe. Tangu mbwa apotee, kijana alikuwa anakesha mwenyewe, na shuleni analala juu ya daftari.

Mama alimwuliza swali tulilokuwa nalo sote. "Hukumtafuta, dada?"

"Nimemtafuta." Alikuwa ameuliza sokoni, kwa wauza mnazi, stendi ya bodaboda, kwa wapakiaji wa mchanga. "Na mtaa huu nimepita. Hapa mbele nimepita."

"Mbona hukuuliza?"

Alimtazama mama kwa upole. "Huku kwa Waislamu, ningebisha mlango wa nani, nimwulize mbwa?"

Mama hakujibu. Alimmiminia chai.

Siwezi kuliondoa kichwani. Alipita mbele ya baraza letu, mbwa wake yuko uani, ukuta mmoja katikati. Mimi naandika kwenye simu, yeye anauliza kwa sauti ya chini kwa watu aliodhani hawatamcheka. Na mtaa mzima wakati huo unasema: angekuwa na mwenyewe angeshatafutwa.

Hivyo vilikuwa vikao viwili vya kutafuta katika mji mmoja mdogo, na havikujuana.

Kadi

Tuktuk ya kwanza ilikataa kubeba mbwa. Ya pili ilikubali kwa sharti la kutandika gunia. Kabla hawajaondoka nilimpa ile kadi ya chanjo. Aliigeuza, akaniuliza ya nini. Nikamweleza: sindano hurudiwa, na kila mbwa akichanjwa ng'ambo ile na watoto wanakuwa salama. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita, na serikali yetu imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa watu kufa kwa kichaa cha mbwa. Aliuliza daktari anaweza kufika kwao, kwa kuwa kule kila boma lina mbwa na hajapata kuona sindano hata moja. Nimeshampelekea daktari ombi hilo, naye amekubali, tunangoja barabara ya ndani ikauke.

Pale palipoachwa wazi, mjukuu ndiye aliyeandika jina la bibi yake, kwa herufi kubwa.

Mama wa mboga sasa huleta habari pamoja na mchicha. Juzi amesema kuna mzee, karibu na daraja, aliyepotelewa na mbwa jike mweusi usiku ule ule wa radi. Ana alama moja ambayo mzee ameniomba nisiiandike, nami siiandiki. Ukimwona, mpe maji, usimpige, na umwambie yeyote anayeuza mboga kutoka ng'ambo ya Sabaki. Habari itafika.